Sheria Itazame Silinda, Isitazame Umri wa Bastola

Katika filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1966, The Good, the Bad and the Ugly, kuna tukio ambalo mashabiki wa sinema za kauboi hawalisahau. Tuco, aliyeigizwa na Eli Wallach, anaingia katika duka la silaha akiwa ametoka jangwani, hoi bin taaban. Anaagiza rivolva, anazitandaza juu ya meza, kisha anazifungua moja baada ya nyingine. Mtutu anauchukua kwa hii, silinda kwa ile. Anaizungusha silinda karibu na sikio, anasikiliza inavyolia, anaiweka kando, anajaribu nyingine. Mwisho anabaki na silaha moja iliyoundwa kwa viungo vya silaha kadhaa, na anaijaza risasi za kisasa zenye ganda la shaba.

Hadithi hiyo imewekwa mwaka 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mwaka huo rivolva za Colt hazikuwa zikitumia risasi za shaba. Zilijazwa baruti na tufe la risasi kwa mbele, tundu moja moja, kwa namna ileile inayojazwa gobore. Mabadiliko ya kuziwezesha kumeza risasi za ganda yalikuja miaka kadhaa baada ya vita kwisha. Leone alikosea tarehe, lakini kuhusu chombo chenyewe alikuwa sahihi: uhai wa rivolva uko kwenye silinda. Mpini, mwili na mtutu vinaweza kubaki vilevile, ila silinda ikibadilishwa, mwenye silaha anakuwa ameshika kitu kingine kabisa.

Jambo hili linajulikana na mafundi kwa zaidi ya miaka 150. Sheria za silaha ndizo zilizochelewa. Zipo nchi ambazo hadi leo zinaipima rivolva kwa mwaka iliotengenezwa, au kwa jina lililochongwa ubavuni, au kwa mwili wake tu, huku sehemu inayoamua kama kitu kile ni pambo la ukutani au ni silaha ya kuua ikiachwa ipite kama kipuri cha baiskeli. Hilo ni kosa, na historia ya silinda yenyewe inaonyesha kwa nini.

Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake nchini Marekani tarehe 25 Februari 1836. Silinda yake ilikuwa na matundu yaliyo wazi upande wa mbele na yaliyozibwa nyuma. Mtumiaji alimimina baruti katika kila tundu, akaweka tufe la risasi juu yake, akalishindilia kwa wenzo, ambao katika matoleo ya baadaye ulifungwa chini ya mtutu, kisha akavisha fataki ndogo kwenye kila chuchu iliyo nyuma ya silinda. Nyundo ilipoipiga fataki, cheche zilipenya hadi kwenye baruti. Kujaza matundu yote kulichukua dakika nzima au zaidi kwa mtu mwenye mikono iliyotulia, na vitani mikono haitulii. Mvua ikilowesha baruti, silaha iligoma. Moto wa tundu moja ukirukia jirani, matundu mawili yalifyatuka kwa pamoja na mshikaji akaweza kupoteza vidole.

Dawa ya matatizo yote hayo ilikuwa tundu linalopenya silinda kutoka mwanzo hadi mwisho, ili risasi iliyofungwa ndani ya ganda pamoja na baruti na fataki yake iingizwe kwa nyuma. Wafaransa walikuwa na rivolva ya namna hiyo mapema. Eugène Lefaucheux aliiwekea hataza mwaka 1854, na jeshi la majini la Ufaransa likaichukua mwaka 1858. Marekani hataza ilienda kwa Rollin White, tarehe 3 Aprili 1855. Bastola aliyoichora White haikuwa na manufaa yoyote kiutendaji, na hakuna jeshi ambalo lingeihitaji. Lakini ndani ya maelezo yake kulikuwa na dai moja lililofunga njia kwa kila mtu mwingine: silinda iliyotobolewa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Horace Smith na Daniel Wesson walilitambua hilo haraka. Mwaka 1856 walikubaliana na White wamlipe senti 25 kwa kila rivolva watakayotengeneza, na yeye ndiye abebe gharama za kuilinda hataza mahakamani. Mwaka uliofuata wakatoa bastola ndogo ya matundu saba, ya kaliba .22. White akawa mtu wa kesi. Aliwashtaki watengenezaji mmoja baada ya mwingine, na shauri lake kubwa lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji waligawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo hukumu ya awali iliyomuunga mkono ikabaki. Alishinda, lakini ushindi wenyewe ulimfilisi. Mrabaha aliopata katika miaka yote hiyo ulikuwa takriban dola 71,000, na sehemu kubwa iliishia kwa mawakili, huku Smith na Wesson wakivuna zaidi ya dola milioni moja.

Hapa pana jambo linaloumiza. Vita vilipolipuka mwaka 1861, teknolojia ya risasi za ganda ilikuwepo, na hataza ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Marekani yenyewe. Kampuni hiyo ilitengeneza rivolva ndogo tu, za kaliba .22 na .32, ambazo baadhi ya wanajeshi walijinunulia wenyewe mfukoni. Rivolva kubwa ya kijeshi haikuitoa hadi mwaka 1870. Kwa hiyo maelfu ya askari wa farasi walipigana miaka minne wakishindilia baruti kwa wenzo, si kwa sababu hakuna aliyejua njia bora, bali kwa sababu tundu lilikuwa na mwenyewe.

White aliomba hataza yake iongezwe muda baada ya kuisha tarehe 3 Aprili 1869, na Bunge likapitisha muswada wa kumsaidia. Rais Ulysses Grant, aliyekuwa amewaongoza askari hao vitani, aliupigia kura ya turufu mwezi Januari 1870. Aliambatanisha malalamiko ya mkuu wa idara ya silaha ya jeshi, Alexander Dyer, kwamba serikali ilikuwa imeshateseka vya kutosha wakati wa vita kwa sababu ya hataza hiyo. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa nchi, hata kama ulimwacha White mikono mitupu.

Kabla na baada ya hataza hiyo kuisha, viwanda vilihangaika na silinda. Remington iliona bora ilipe. Mwaka 1868 ilikubaliana na Smith & Wesson iwape dola moja kwa kila rivolva, ikazigeuza zake kubwa za kijeshi takriban 4,500 zitumie risasi ya ganda ya kaliba .46. Risasi hiyo ilikuwa nene kiasi kwamba silinda mpya ilitosha matundu matano badala ya sita. Colt haikutaka kulipa. Fundi wake, Alexander Thuer, alipata hataza mwaka 1868 kwa mbinu ya kuikwepa ile ya White: risasi zenye ganda lililochongoka kidogo, zilizoingizwa kwa mbele ya silinda. Haikupendwa. Nani ahangaike na risasi ya kisasa kwa taabu ileile ya zamani?

Hataza ya White ilipokufa, Colt ilikuwa na maghala yaliyojaa viungo vya rivolva za enzi iliyopita. Rivolva yake ya mwaka 1860 peke yake ilitengenezwa takriban 200,000 kabla ya kusimamishwa mwaka 1873. Kuvitupa viungo hivyo kungekuwa wazimu. Charles Richards alipata hataza yake mwaka 1871 na William Mason mwaka 1872, na kwa njia zao kiwanda kiliendelea kutumia mwili uleule kikiwa na silinda iliyopenya, kibao cha nyuma chenye kijilango cha kuingizia risasi, na sindano ya kugonga fataki. Jeshi la nchi kavu lilichukua zaidi ya elfu moja za Richards, na la majini likarudisha zake za zamani kiwandani zikageuzwe. Mwaka 1873 ikaja Colt mpya iliyoundwa tangu mwanzo kwa risasi za ganda, ile inayoonekana katika kila filamu ya kauboi, na kazi ya ugeuzaji ikaanza kupungua.

Ugeuzaji huo uliacha alama ambayo watu wengi wanaitumia kila siku bila kujua chanzo chake. Polisi wa nchi nyingi wamebeba bastola za ".38", lakini kipenyo halisi cha kichwa cha risasi yake ni inchi .357. Tofauti hiyo ilitoka kwenye rivolva za Colt zilizoitwa za kaliba .36. Silinda zake zilipotobolewa hadi nyuma, matundu yalikuwa na upana wa karibu .38, na risasi ya kwanza ilitengenezwa ijae humo. Baadaye kichwa kilipunguzwa kiingie chote ndani ya ganda, jina likabaki. Anayesoma ".38 Special" kwenye boksi anasoma kipimo cha tundu la rivolva iliyotobolewa upya zaidi ya karne moja iliyopita.

Hayo yalifanywa na viwanda, kwa vipimo, kwa chuma vilichokijua. Hatari ilikuja ugeuzaji ulipohamia kwa wafanyabiashara wa mabaki ya vita.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Smith & Wesson iliwatengenezea Waingereza na washirika wao zaidi ya rivolva 500,000 zenye kaliba ya .38 ya Kiingereza, ambayo ganda lake ni fupi na nene kidogo. Vita vilipokwisha, nyingi zilirudi kuuzwa kwa bei ya chini Marekani, ambako watu walizoea .38 Special, iliyo ndefu na nyembamba zaidi. Wafanyabiashara walizichimba silinda matundu yawe marefu zaidi ili risasi ya Kimarekani iingie. Urefu ulirekebishwa, lakini upana haukurudishika. Ganda likifyatuliwa ndani ya tundu lililo pana kuliko lenyewe huvimba, na mara nyingine hupasuka. Silaha ilifyatua, mnunuzi akaridhika, na hakuna aliyemwambia kwamba ameshika kitu ambacho kiwanda hakikukusudia kiwepo.

Ya Webley ilikuwa mbaya zaidi. Rivolva kubwa ya Webley ya kaliba .455 ndiyo waliyobeba maofisa wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wakiwemo waliopigana Afrika Mashariki. Baada ya vita vya pili, nyingi ziliuzwa Marekani, na kwa kuwa risasi za .455 zilikuwa adimu huko, nyuma ya silinda ilikwanguliwa ili zitumie risasi ya .45 ya bastola za jeshi la Marekani. Risasi ya Marekani ina mgandamizo mkubwa kuliko ule ambao Webley iliundwa kuubeba. Kila mfyatuo unaipa silaha kishindo cha aina ambayo kiwanda hukitumia mara moja tu, wakati wa kuijaribu. Rivolva hizo bado zinanunuliwa na kuuzwa. Nyingine zina umri wa miaka mia. Mtutuni bado zina alama za Kiingereza za kaliba ambayo silinda haiijui tena.

Uingereza ina utaratibu wa kuzuia balaa la namna hii. Nyumba za upimaji wa silaha za London na Birmingham, ya kwanza ikiwa na hati tangu mwaka 1637 na ya pili ikianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, hufyatua kila silaha kwa risasi yenye nguvu kuliko kawaida kabla haijauzwa, na silaha iliyobadilishwa hurudi kupimwa upya. Marekani haina sharti kama hilo katika sheria yake. Viwanda vinajipangia viwango vyenyewe. Inashangaza kwamba nchi yenye silaha nyingi mikononi mwa raia kuliko nyingine yoyote duniani inamwachia mnunuzi akague mwenyewe kama silinda aliyonunua itamlipukia usoni.

Lakini usalama wa mfyatuaji ni nusu ya hoja. Nusu ya pili ni usalama wa watu wengine.

Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968, kinachohesabika kuwa silaha ni mwili wa bastola. Silinda ni kipuri. Sheria hiyohiyo inaitoa nje ya udhibiti silaha yoyote iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, pamoja na nakala mpya ya silaha za zamani, mradi nakala hiyo haikuundwa kwa risasi za ganda za kawaida. Nakala za Colt na Remington za karne ya 19 hutengenezwa kwa wingi katika bonde la Val Trompia nchini Italia, ambako kampuni ya Uberti ilianzishwa mwaka 1959. Ni kazi nzuri za chuma na mbao, na wapenzi wa historia wana kila sababu ya kuzipenda. Tatizo linaanza pale ambapo soko lilelile linauza pia silinda zilizotobolewa za kuzibadilisha. Siku silinda hiyo inapofungwa, sheria inasema kitu kile sasa ni silaha kamili. Ila inasema hivyo baada ya tendo, ndani ya nyumba ya mtu, ambako hakuna ofisa anayeona. Mwili uliuzwa kama nakala ya kale, silinda ikauzwa kama kipuri, na silaha ikazaliwa bila cheti cha kuzaliwa.

Waingereza waliliona suala hili kwa jicho lingine, kwa sababu ya msiba. Machi 1996 mtu mwenye leseni aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Sheria za mwaka 1997 zikapiga marufuku bastola kwa raia, lakini zikaziacha zile zinazojazwa kwa mbele, zimilikiwe kwa cheti. Kwa maneno mengine, rivolva mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kutenganishwa na silinda tu: yenye matundu yaliyozibwa nyuma inamilikiwa kwa kibali, yenye matundu yanayopenya ni marufuku. Mstari huo umechorwa mahali panapostahili. Mwaka 2017 Bunge lao likaongeza ufafanuzi wa sehemu za silaha zinazodhibitiwa, na silinda ikatajwa kwa jina.

Hata hivyo, Uingereza nayo iliacha ufa. Kwa miaka mingi silaha za kale zilizotumia risasi ambazo hazitengenezwi tena zingeweza kumilikiwa bila cheti kama kumbukumbu au pambo. Hoja ilikuwa ya mantiki: bila risasi, bastola ni chuma tu. Wahalifu waligundua kwamba risasi zinaweza kutengenezwa. Mwishoni mwa 2017 mahakama ya Birmingham ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mfanyabiashara wa silaha aliyekuwa na leseni, ambaye alikuwa akiwaundia magenge risasi zinazolingana na matundu ya rivolva za kale. Polisi walizihusisha silaha na risasi zake na zaidi ya matukio 100 ya uhalifu, na watu walikufa. Machi 2021 serikali ikatoa orodha mpya ya kaliba zinazohesabiwa kuwa za kale, ikaziacha nje saba, zikiwemo .41 ya Colt, .44 ya Smith & Wesson iliyoitwa ya Kirusi, na ile ya milimita 11 ya jeshi la Ufaransa ya mwaka 1873. Waliokuwa nazo ukutani walilazimika kuomba cheti au kuziondoa. Wakusanyaji walilalamika, na malalamiko yao yanaeleweka, lakini serikali haikuwa na njia nyingine ya uaminifu. Bastola ya mwaka 1873 inaua mwaka 2021 sawasawa na ilivyoua ilipotoka kiwandani.

Umoja wa Ulaya ulifika kwenye hitimisho hilohilo mwaka huo wa 2017, ukiwa bado na majonzi ya mashambulizi ya Paris ya mwaka 2015, ambamo zilitumika bunduki zilizouzwa kama za kufyatulia milio tu kisha zikarudishwa uhai. Sheria yake inaitaja silinda miongoni mwa sehemu za msingi za silaha, sawa na mtutu na mwili. Inatamka pia kwamba nakala mpya za silaha za kale hazistahili msamaha wa kihistoria unaopewa silaha za kale zenyewe, kwa kuwa zinaweza kujengwa kwa mbinu za leo.

Wapo wanaopinga kuikaza sheria. Wanasema ugeuzaji wa silinda ni sehemu ya historia, kwamba anayevaa kofia ya kauboi na kupiga shabaha Jumamosi hana uhusiano na jambazi, na kwamba jambazi wa Chicago hatafuti rivolva ya mtindo wa 1860 wakati anaweza kupata bastola ya kisasa. Hoja hizo zina uzito, na wengi wa wapiga shabaha hao ni watu makini kuliko wamiliki wa kawaida. Lakini hakuna anayewaomba waache. Kuiandikisha silinda iliyotobolewa kama inavyoandikishwa bastola hakumnyang'anyi mtu mchezo wake. Kunamnyima tu njia ya mkato yule ambaye hakutaka jina lake lionekane popote.

Na huku kwetu? Bahari ya Hindi ilizijua mapema silaha zilizogeuzwa. Mwaka 1866 Waingereza walizichukua bunduki zao za Enfield zilizojazwa kwa mbele, wakazifungua nyuma kwa mbinu ya Jacob Snider, Mmarekani aliyekufa fukara mwaka huohuo kabla ya kulipwa haki yake. Bunduki za Snider, takriban 500, zilitolewa na serikali ya Uingereza kwa jeshi jipya la Sultani Barghash wa Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1877 chini ya Lloyd Mathews. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalipotia saini Mkataba wa Brussels, yalizuia silaha za kisasa zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, huku yakiruhusu bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifuo ziendelee kuuzwa. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na matokeo yalikuwa kumwacha Mwafrika na gobore mbele ya mkoloni mwenye bunduki ya kisasa. Dhuluma hiyo haifichiki. Lakini wale walioiandika walijua wanachokitafuta: waliipima silaha kwa namna inavyofanya kazi, wala hawakuipima kwa umri.

Leo Kenya na Tanzania ni wanachama wa Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 dhidi ya utengenezaji na usafirishaji haramu wa silaha, ambayo Marekani haijajiunga nayo. Ndani ya itifaki hiyo, tafsiri ya sehemu za silaha inataja mtutu, mwili na silinda, na tafsiri ya silaha yenyewe inahusisha silaha ya kubebeka yenye mtutu inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ifyatue risasi. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziliongeza Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayosimamiwa na kituo cha RECSA kilichopo Nairobi. Kenya, katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaihesabu sehemu ya silaha kuwa silaha. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Msingi upo, na kwenye karatasi unaushinda ule wa Marekani.

Kinachohitajika ni ukaguzi unaofuata msingi huo. Mwishoni mwa 2018 Kenya iliwaagiza raia wote wenye leseni wapeleke silaha zao zikahakikiwe upya, na Jeshi la Polisi la Tanzania limekuwa likitoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Ukaguzi wa namna hiyo usiishie kwenye namba iliyochongwa kwenye mwili wa bastola. Rivolva ifunguliwe, silinda yake ipimwe, kaliba yake halisi iandikwe kwenye daftari, na isipolingana na alama ya mtutu, mwenye nayo aeleze nani aliibadilisha na lini. Silinda iwe na namba yake. Forodha za Mombasa na Dar es Salaam ziitambue silinda iliyo peke yake ndani ya kifurushi kama zinavyoitambua bastola nzima, kwa sababu kifurushi kidogo kilichoandikwa "vipuri" ndicho kinachopita mlango ambao bastola isingepita. Kanuni za kufanya hayo mawaziri wanaweza kuzitoa bila kusubiri Bunge litunge sheria mpya.

Na kwa familia iliyorithi rivolva ya babu aliyekuwa askari wa King's African Rifles (KAR) au polisi wa zama za ukoloni, ikiwa bado imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku: msiijaribu kwa risasi yoyote, hata kama inaingia vizuri kwenye tundu. Risasi kuingia hakuthibitishi kuwa ndiyo yake. Nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, toeni taarifa kwamba ipo, na ombeni maelekezo ya namna ya kuikabidhi.